Mafuta ya Mwili, Hamu ya Kula na Inflamesheni kwa Vijana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Mwanza

Maswali haya huulizwa na wazazi, walezi, walimu na vijana wenyewe, kuanzia Igoma na Buhongwa hadi Ilemela, na ng'ambo ya maji kule Sengerema na Ukerewe. Yanahusu mambo matatu ambayo kwa kawaida huzungumzwa kila moja peke yake: unene wa kijana, hamu yake ya kula, na ile hali ya kinga ya mwili kubaki imeamka ingawa hakuna ugonjwa unaoonekana. Majibu ni marefu pale jambo lenyewe linapodai urefu, na hayachukui nafasi ya daktari anayemwona kijana kwa macho yake.

Inflamesheni ni nini, na mafuta ya mwili yanaingiaje hapo?

Kidole kikichomwa na mwiba wa sato, baada ya muda huvimba, hupata joto na kuuma. Hiyo ni inflamesheni: chembe nyeupe za damu zimekimbilia mahali palipojeruhiwa, zimetoa kemikali za kuitana na za kuua vijidudu, na kazi ikiisha kila kitu hurudi kilivyokuwa. Bila mwitikio huo hakuna jeraha ambalo lingepona.

Ipo inflamesheni ya namna nyingine, ya kiwango cha chini, isiyouma wala kuleta homa, ambayo hudumu miezi na miaka. Chimbuko lake moja kubwa ni mafuta ya mwili yaliyozidi. Seli ya mafuta hupanuka kadiri inavyojazwa, na ikishapanuka mno hukosa oksijeni ya kutosha, huanza kuchoka na baadhi hufa. Seli hizo hutoa ishara zinazowavuta askari wa kinga waitwao makrofaji, ambao huizunguka seli iliyokufa na kuanza kutoa saitokini, yaani kemikali za kuamsha kinga. Mwaka 1993 watafiti wa Boston, wakiwamo Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutengeneza saitokini mojawapo, TNF-alfa, na kwamba kemikali hiyo huizuia insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu ndani ya seli, kufanya kazi yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba makrofaji hujazana ndani ya mafuta kadiri unene unavyoongezeka.

Saitokini nyingine, IL-6, hutoka kwenye mafuta hadi kwenye ini, na ini hujibu kwa kumwaga damuni protini iitwayo CRP. Ndiyo maana kijana mnene asiye na homa wala kidonda anaweza kukutwa na CRP iliyopanda kidogo. Jambo hili huonekana hata kwa watoto wa shule ya msingi, wala halisubiri utu uzima.

Ni homoni zipi zinazoongoza hamu ya kula?

Zipo nyingi, lakini kwa mada hii mbili zinatosha kuwa za mbele. Ya kwanza ni ghrelini, iliyogunduliwa mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani. Hutengenezwa zaidi na tumbo na huamsha njaa: hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Ya pili ni leptini, ambayo hutengenezwa na seli za mafuta zenyewe. Mafuta yakiongezeka, leptini huongezeka. Yakipungua, nayo hupungua. Ubongo, hasa sehemu iitwayo haipothalamasi, huisoma leptini ili kujua akiba ya mwili ni kiasi gani.

Zaidi ya hizo, utumbo hutoa GLP-1 na PYY ambazo humfanya mtu ahisi ameshiba, kongosho hutoa insulini, na seli za mafuta hutoa pia adiponektini. Hii ya mwisho inastahili kukumbukwa kwa sababu inakwenda kinyume na nyingine za mafuta: kadiri mtu anavyonenepa ndivyo inavyopungua, ilhali ndiyo inayotuliza inflamesheni na kuisaidia insulini. Kijana anayenenepa kupita kiasi hupata hasara mara mbili, kwa kuwa kinachochochea huongezeka na kinachotuliza hupungua.

Kama leptini hupunguza hamu ya kula, kwa nini kijana mnene mwenye leptini nyingi bado anasikia njaa?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu, na historia yake inasaidia kulielewa. Katika maabara ya Jackson, jimboni Maine, Marekani, kulikuwa na panya waliozaliwa na ulafi usiokoma. Katika miaka ya 1970 Douglas Coleman aliunganisha mzunguko wa damu wa panya hao na wa panya wengine, akatambua kwamba walikosa kitu fulani cha damuni ambacho wenzao walikuwa nacho. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman mjini New York lilikipata kitu hicho, nacho kikawa leptini. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini, wenye njaa isiyozuilika na unene mkubwa sana. Mmoja wao alipoanza kudungwa leptini, njaa ilitulia na uzito ukashuka.

Ikadhaniwa basi kwamba dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wengi wanene hawakosi leptini. Wanayo tele, na kuwaongezea nyingine hakukuleta matunda yaliyotarajiwa. Ubongo wao umeizoea, kama vile mkazi wa jirani na mashine ya kusaga asivyousikia tena mngurumo wake. Hali hii huitwa usugu wa leptini.

Inflamesheni inaingia hapo kwa milango kadhaa. Kipokezi cha leptini ni cha ukoo mmoja na vipokezi vya saitokini, na leptini yenyewe huziamsha seli za kinga. Kwa hiyo leptini nyingi huchangia inflamesheni moja kwa moja. Ndani ya seli za ubongo, ishara za leptini na za saitokini huamsha protini iitwayo SOCS3, ambayo kazi yake ni kuizima ishara ya leptini isiendelee. Katika panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi, inflamesheni imeonekana ndani ya haipothalamasi yenyewe. Vilevile utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba CRP inaweza kuishika leptini damuni na kuizuia isifanye kazi yake.

Mzazi ayatafakari hayo kabla hajasema mtoto wake ni mlafi. Kijana anayeomba sahani ya pili anaweza kuwa na njaa ya kweli, kwa sababu ubongo wake unaambiwa kwamba akiba imepungua wakati akiba imejaa.

Je, unene huleta inflamesheni, au inflamesheni huleta unene?

Ushahidi mzito uko upande wa unene kutangulia. Watafiti wamewalinganisha watu waliozaliwa na tofauti ndogo za kijenetiki zinazoongeza uzito, wakakuta CRP yao iko juu. Walipowalinganisha watu waliozaliwa na tofauti zinazopandisha CRP peke yake, hawakukuta kwamba watu hao ni wanene zaidi. CRP kwa hiyo ni moshi na si moto. Lakini mduara ukishaanza, inflamesheni husaidia kuuendesha kwa kuichosha insulini na leptini, na kijana huona ugumu wa kujinasua ambao mwenzake mwembamba haujui.

Kwa nini msisitizo uwekwe kwa vijana na si watu wazima wenye vitambi?

Watu wazima nao wanahusika, lakini ujana una mambo yake. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba idadi ya seli za mafuta hukua katika utoto na ujana, kisha hubaki karibu ile ile kwa maisha yote. Kila mwaka takriban asilimia 10 hufa na nyingine huzaliwa kushika nafasi zao. Mtu mzima akipungua uzito, seli zake husinyaa bila idadi yake kupungua sana. Kinachojengwa kabla ya miaka 20 ni vigumu kukibomoa.

Balehe nayo hubadilisha hesabu. Katika kipindi hicho insulini hufanya kazi kwa ugumu zaidi kwa kila kijana, mnene au mwembamba, kutokana na homoni za ukuaji, na hali hiyo hulegea balehe inapokwisha. Kijana aliyeingia balehe akiwa na mafuta mengi hubeba mizigo miwili kwa pamoja. Kwa wasichana leptini hupanda kadiri mwili unavyokomaa, na kwa wavulana hushuka kadiri testosteroni inavyoongezeka. Kwa hiyo msichana kuongeza mafuta kiasi mapajani na nyongani wakati wa balehe ni ukuaji wa kawaida. Ubongo unahitaji kuisikia leptini ya kutosha ndipo uruhusu balehe kuendelea, na msichana anayejinyima chakula kupita kiasi anaweza kukosa hedhi kwa sababu hiyo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wenye umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene uliokithiri.

Nitajuaje kama mwanangu amezidi uzito? Hapa kwetu tunasema tu "ana mwili".

Kwa macho ni rahisi kukosea, hasa mahali ambapo wembamba huleta minong'ono ya ugonjwa na unene huhesabiwa kuwa ushahidi wa nyumba yenye neema. BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ya kijana haisomwi kama ya mtu mzima. Husomwa kwenye jedwali la umri na jinsia la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007, ambalo mhudumu wa lishe anaweza kukusomea.

Nyumbani, chukua utepe wa fundi cherehani. Mzunguko wa kiuno usifike nusu ya urefu: kijana mwenye urefu wa sentimita 150 awe na kiuno cha chini ya sentimita 75. Kipimo hiki kinafaa kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, huchochea inflamesheni kuliko mafuta yaliyo chini ya ngozi ya nyonga na mapaja.

Binti yangu ana weusi shingoni na kwapani usiotoka hata akisugua kwa dodoki. Ni uchafu?

Si uchafu, na tafadhali aache kusuguliwa. Ngozi nyeusi, nene, yenye mguso wa mahameli nyuma ya shingo, kwapani au kwenye mikunjo mingine mara nyingi ni alama kwamba insulini iko nyingi mno damuni kwa sababu mwili umeanza kuwa sugu kwayo. Wasichana wengi wamedhalilishwa darasani kwa alama hii, na wengine wamepakwa krimu za kuchubua zinazoharibu ngozi bila kugusa chanzo. Mpeleke apimwe sukari na shinikizo la damu. Uzito ukipungua, weusi huo kwa kawaida hufifia wenyewe.

Kijana wangu alipimwa CRP na majibu yakawa juu. Je, ni kwa sababu ya unene?

Hapa Kanda ya Ziwa jibu linahitaji uangalifu kuliko kwingi. Katika kukadiria hatari ya magonjwa ya moyo kwa watu wazima, CRP ya chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa kuwa ndogo, kati ya 1 na 3 kuwa ya wastani, na zaidi ya 3 kuwa ya juu. Unene peke yake hupandisha kipimo hiki kwa kiasi kidogo. Kikizidi 10, la kwanza kutafutwa ni maambukizi, kwa maana malaria, nimonia, jipu au jino bovu vinaweza kukifikisha mara nyingi zaidi ya hapo, hata kuzidi 100.

CRP ya kijana wa Mwanza aliyeugua malaria hivi karibuni haiwezi kusomwa kama ya kijana wa mji usio na malaria. Busara ni kutibu maambukizi kwanza, kusubiri wiki kadhaa akiwa mzima, kisha kurudia kipimo endapo daktari anaona kinahitajika. Kwa kijana mnene asiye na dalili yoyote, sukari ya damu, shinikizo na kiuno hutoa mwongozo wa maana kuliko CRP, na fedha ya familia ielekezwe huko kwanza.

Na kichocho? Watoto wetu huoga na kuchota maji ziwani.

Kichocho cha tumbo, kinachoenezwa na konokono wa majini, kiko pande zote za ufukwe wa Ziwa Victoria na visiwa vyake. Mayai ya minyoo hiyo hukwama kwenye ini na ukuta wa utumbo, na kila yai huzungukwa na seli za kinga. Hiyo ni inflamesheni ya muda mrefu yenye chanzo tofauti kabisa na mafuta. Mtoto mwenye kichocho anaweza kupoteza hamu ya kula, kupungukiwa damu na kudumaa. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa pia shuleni katika kampeni za kinga tiba.

Sayansi imeonyesha jambo la ajabu: kwa panya wanene, baadhi ya minyoo huigeuza kinga ya ndani ya mafuta kutoka katika hali ya kuchochea na kuipeleka katika hali ya kutuliza, na insulini hufanya kazi vizuri zaidi. Utafiti huu unatufundisha jinsi kinga na mafuta vinavyosikilizana, na wapo wanaotafuta dawa kutokana nao. Hausemi hata kidogo kwamba mtoto aachiwe minyoo. Ini lililoharibiwa na kichocho halirudi upya kwa urahisi, na anayekwepa kumeza prazikwanteli kwa hoja hii anajiumiza.

Mwanangu ni mwembamba na aliwahi kudumaa. Mambo haya yanamhusu?

Yanamhusu sana. Leptini ikishuka mno, kinga nayo hudhoofika, kwa sababu seli za kinga huitumia kama ishara kwamba kuna nishati ya kutosha kupigana. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, utafiti wa watoto wenye utapiamlo mkali uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba leptini ya chini sana ilikuwa miongoni mwa viashiria vya watoto waliokuwa katika hatari ya kufariki. Upungufu wa mafuta ni hatari kama wingi wake, na kwa mtoto mdogo ni hatari ya haraka zaidi.

Tanzania ina mizigo yote miwili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5, kisha akanenepeshwa haraka, huelekea kuhifadhi mafuta tumboni kuliko mwenzake. Katika nyumba moja ya Mabatini au Nyakato unaweza kumkuta mdogo aliyedumaa na dada mkubwa aliyezidi uzito, wote wakila chungu kimoja chenye wanga mwingi na mboga kidogo. Dawa ya mdogo si kumjaza soda na biskuti ili "anenepe". Anahitaji dagaa, mayai, maharage, maziwa na matunda.

Vidonge vya kunenepesha na kuongeza hamu ya kula vinauzwa waziwazi. Vina ubaya gani?

Vingi vya namna hiyo huwa na siproheptadini, deksamethasoni au vyote viwili. Siproheptadini ni dawa ya mzio ambayo huzuia pia kemikali ya ubongo inayotuliza hamu ya kula. Humletea mtu njaa na usingizi mzito. Deksamethasoni ni steroidi, na ni dawa yenye heshima kubwa hospitalini kwa kuwa huzima inflamesheni kwa nguvu na kuokoa maisha.

Hapo msomaji anaweza kuuliza: ikiwa inazima inflamesheni, si ingekuwa tiba ya haya yote tuliyoeleza? Kinyume chake. Steroidi huongeza njaa, huufanya ubongo uzidi kuwa sugu kwa leptini, hupandisha sukari na kukusanya mafuta usoni, tumboni na mgongoni, huku misuli ya mikono na miguu ikipungua. Kwa kijana anayekua huzuia urefu, na huifungulia kifua kikuu na maambukizi mengine mlango. Jambo la hatari zaidi ni kwamba tezi za juu ya figo zikishazoea kidonge huacha kutengeneza homoni yake ya asili. Aliyekitumia kwa wiki nyingi akikiacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo na hata kufa. Msichana anayetumia vidonge hivi asivitupe kwa hofu baada ya kusoma hapa. Aende navyo hospitalini, aseme ukweli wote, na apunguziwe kwa utaratibu.

Ni chakula gani kinachofaa katika mazingira yetu?

Kanda hii haina upungufu wa chakula chema. Dagaa wa ziwani hutoa protini, madini ya kalisi na mafuta ya omega-3, ambayo mwili huyatumia kutengeneza kemikali za kumaliza inflamesheni. Sato na sangara wa kuchemsha au kuchoma nao wamo. Choroko, dengu, kunde na maharage, pamoja na mlenda, mchicha na majani ya maboga, vina nyuzinyuzi ambazo bakteria wema wa utumboni huzichachusha na kutoa asidi zinazouamsha utumbo utoe GLP-1 na PYY. Mlo wa namna hiyo hushibisha kwa muda mrefu. Michembe na matobolwa ya bibi, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yakiliwa kwa maharage au maziwa ya mgando, ni kifungua kinywa bora kuliko mandazi mawili na chai iliyojaa sukari.

Kinachowaumiza vijana wetu ni kinywaji kuliko chakula. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, yaani vijiko vya chai vinane hadi tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingefaa zaidi isizidi asilimia 5. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni gramu 25 tu. Soda moja imeshavuka. Sukari ya majimaji haishushi ghrelini na kushibisha kama mlo wa kutafuna, kwa hiyo kijana hunywa na kisha hula kama kawaida. Juisi za pakiti na vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabiwe katika kundi hilo hilo.

Chipsi mayai jioni moja kwa wiki haziharibu mtu. Zikiwa ndizo chakula cha kila usiku kwa sababu mama amechelewa sokoni, hapo kuna la kurekebisha, na mara nyingi ni nyumba nzima inayopaswa kubadilika. Kumpikia mtoto mmoja chakula cha peke yake kama adhabu hakuna matokeo mema.

Usingizi una uhusiano gani na unene?

Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wa kiume 12 wenye afya kwa saa nne tu kwa siku mbili. Walipolinganishwa na siku mbili walizolala saa kumi, leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na wakatamani zaidi vyakula vitamu na vya wanga. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Simu ikilala sebuleni, nusu ya kazi imefanyika.

Mazoezi yanasaidia hata kama uzito haupungui?

Ndiyo, na hili wazazi wengi hawaelezwi. Msuli unaofanya kazi hutoa IL-6, ile ile tuliyosema hutoka kwenye mafuta, lakini inapotolewa na msuli kwa muda mfupi bila TNF-alfa, huchochea kemikali za kutuliza inflamesheni. Mazoezi hupunguza pia mafuta ya ndani ya tumbo na kuiamsha insulini hata pale mizani isipotikisika. Lengo kwa umri wa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku: mpira, kuruka kamba, kupanda vilima vya mawe kwenda shule, kuogelea mahali palipo salama. Msichana asinyimwe nafasi hiyo kwa kurundikiwa kazi za ndani wakati kaka zake wako uwanjani.

Alipungua, kisha uzito ukarudi. Je, alizembea?

Huenda hakuzembea hata kidogo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu wazima waliopungua kwa mlo mkali wa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye leptini yao ilikuwa bado chini, ghrelini bado juu, na njaa yao kubwa kuliko mwanzoni. Mwili ulikuwa ukidai akiba yake. Kwa kijana ambaye bado anarefuka, mara nyingi si lazima kupunguza kilo: kuuzuia uzito usipande huku urefu ukiongezeka kunatosha, na mapambano na njaa huwa madogo.

Sindano za kupunguza uzito zinazosemwa mitandaoni zinafaa kwa vijana?

Ni dawa zinazoiga GLP-1. Semaglutaidi iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2022 kwa vijana wa kuanzia miaka 12 wenye unene uliokithiri. Zinafanya kazi, lakini zinahitaji daktari, vipimo na matumizi ya muda mrefu, kwani uzito huelekea kurudi zikiachwa. Sindano iliyonunuliwa kwa mtu wa mtandaoni asiyejulikana isimguse mtoto.

Kumtania kwa kumwita "bonge" kunamchochea apungue?

Hapana. Aibu humfanya ale kwa kujificha, akwepe michezo na alale vibaya, na msongo wa muda mrefu hupandisha homoni ya kortisoli inayoelekeza mafuta tumboni. Wajomba, mashangazi na walimu waombwe kuacha, na mzazi awaombe mbele ya mtoto ili mtoto asikie.

Nianzie wapi?

Kadi ya kliniki husimama mtoto anapotimiza miaka mitano, na baada ya hapo wengi hawapimwi tena uzito na urefu hadi waugue. Pengo hilo ndilo linalotupita. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe kijana apimwe uzito, urefu, kiuno, shinikizo la damu na sukari, na majibu yaandikwe kwenye daftari lake ili yalinganishwe baada ya miezi mitatu. Kesi zinazohitaji bingwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando.

Usisubiri daftari wala miezi mitatu ukiona anakojoa mara kwa mara, ana kiu isiyokatika na anakonda ghafla. Au anakoroma na kukabwa usingizini. Au ana maumivu ya nyonga au goti yanayomfanya achechemee. Mpeleke siku hiyo hiyo, pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwamo za asili na zile alizonunua mwenyewe. Kijana anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na ameona uzito unaongezeka asiache dozi. Amweleze mhudumu wa kliniki yake katika ziara inayofuata.